Kioo, Chokaa na Mwanga: Mafundi wa San Vitale

Ukilitazama kwa nje, Basilika la San Vitale halina makuu. Kuta za matofali, pande nane, paa la vigae. Hakuna sanamu mlangoni wala pambo la kumsimamisha mpita njia. Liko Ravenna, mji wa kaskazini-mashariki mwa Italia, kwenye tambarare yenye majimaji karibu na Bahari ya Adria, ardhi ambayo imekuwa ikititia kidogo kidogo tangu zama za kale. Ndani ya kuta hizo zisizojitangaza kuna mozaiki za karne ya 6 ambazo, kwa maoni yangu, hakuna kazi ya mkono ya Ukristo wa kale inayozipita. Mengi yameandikwa kuhusu watawala na maaskofu wanaoonekana humo. Mimi nataka kuwasema mafundi, watu ambao majina yao hayakuandikwa popote, na jambo moja walilolijua vizuri kuliko wengi waliokuja baada yao: kwamba mozaiki haifanywi kwa rangi peke yake, hufanywa kwa mwanga, na ukuta ukisawazishwa sana mwanga huo hufa.

Historia ya jengo naipitia haraka. Ravenna ilifanywa makao ya kaizari wa Magharibi mwaka 402, kwa sababu vinamasi vilivyoizunguka viliifanya iwe ngumu kushambuliwa, na bandari yake ya Classe iliiunganisha na Mashariki. Dola ya Magharibi ilipoanguka, wafalme wa Kigothi walitawala kutoka hapo hapo. Mkubwa wao, Theodoric, alifariki mwaka 526. Ni katika miaka hiyo Askofu Ecclesius alipoanzisha ujenzi wa San Vitale. Fedha zilitoka kwa tajiri mmoja aliyeitwa Julianus Argentarius, na mwandishi wa Ravenna wa karne ya 9, Agnellus, anasema jengo liligharimu sarafu za dhahabu 26,000. Mwaka 540 jeshi la Kaizari Justinian wa Konstantinopoli, likiongozwa na Belisarius, liliuteka mji, na kanisa likatabarukiwa mwaka 547 na Askofu Maximian. Lilianzwa chini ya utawala mmoja likamalizwa chini ya mwingine, na ukilitembelea lote huoni mahali ambapo mkono wa fundi ulitetereka kwa sababu ya vita.

Kabla ya mozaiki walitangulia waashi, na kazi yao inastahili kutazamwa kwa makini. Matofali yao ni marefu na membamba, unene wa sentimita nne hivi, na chokaa iliyo kati ya tofali na tofali inakaribia unene wa tofali lenyewe. Mwashi wa leo angesema ni kupoteza chokaa. Lakini ukuta wenye chokaa nyingi hutulia taratibu, hufuata ardhi inavyosogea badala ya kupasuka ghafla, na kwenye udongo wa Ravenna hilo lilikuwa jambo la maana. Juu, kuba halikujengwa kwa mawe. Limejengwa kwa mirija ya udongo wa kuchoma, iliyo wazi ndani, mkia wa mmoja ukiingia kinywani mwa mwenzake, ikazungushwa duru juu ya duru hadi kileleni, kisha ikafunikwa kwa chokaa. Mbinu hii ilitumika sana Afrika Kaskazini, hasa katika Tunisia ya leo. Kuba la namna hiyo ni jepesi, na wepesi wake ndio uliowapa waashi uhuru chini: kati ya nguzo nane kubwa wakafungua matao ya ghorofa mbili yanayojipinda kuelekea nyuma. Ukisimama katikati ya ukumbi huoni mwisho wake. Nyuma ya kila tao kuna kivuli, na nyuma ya kivuli kuna dirisha.

Vichwa vya nguzo ndogo vimechongwa kwa marumaru ya kisiwa cha Prokonnesos, katika Bahari ya Marmara karibu na Konstantinopoli. Mchongaji alitumia keekee kutoboa kando ya kila jani, kisha akachimba nyuma yake mpaka majani yakabaki yamening'inia mbele ya jiwe, weusi wa kivuli ukionekana katikati. Nikiyatazama naikumbuka kofia ya viua: uzuri umo kwenye matundu, na tundu moja likikosewa kazi yote imeharibika. Ila mshonaji wa kofia anaweza kufumua akaanza upya. Mchongaji hakuwa na nafasi hiyo.

Sasa kioo. Kioo cha mozaiki kiliyeyushwa tanurini pamoja na madini ya kukipa rangi: shaba kwa kijani na kwa baadhi ya bluu na nyekundu, kobalti kwa bluu iliyokolea, manganisi kwa zambarau. Kilimwagwa kikawa bapa nene, kikaachwa kipoe, kisha kikakatwa. Vifaa vya kukatia ni viwili, na mafundi wa Ravenna wanavitumia mpaka leo: patasi iliyosimikwa kwenye gogo, makali juu, na nyundo yenye makali pande zote mbili. Fundi hushika kioo kwa vidole juu ya patasi, hupiga pigo moja, na kioo hupasuka kati ya makali hayo mawili. Kwa kawaida uso wa mpasuko ndio unaoelekezwa nje, wala si uso laini wa juu ya bapa. Uso huo una mawimbi madogo madogo, na ndiyo maana unameta.

Dhahabu ilikuwa na utaratibu wake. Ilifuliwa ikawa nyembamba kuliko karatasi yoyote, ikatandazwa juu ya kioo, kisha ikafunikwa kwa utando wa kioo kingine na vyote vikaunganishwa kwa moto. Hivyo dhahabu imekaa katikati, haiguswi na hewa, wala moshi wa mishumaa, wala mkono wa msafishaji. Imeng'aa karibu miaka 1,500 na sioni kitakachoizuia kuendelea. Lakini kipande cha dhahabu uso wake ni laini, na uso laini hurudisha mwanga upande mmoja tu. Kwa hiyo ndicho kipande kinachodai uangalifu mkubwa kuliko vyote wakati wa kukiweka.

Ukuta wa kupokea vipande ulipigwa lipu kwa tabaka. Chokaa ilichomwa, ikazimwa kwa maji, ikachanganywa na mchanga au vumbi la marumaru, mara nyingine na majani makavu yaliyokatwakatwa ili isipasuke. Tabaka la mwisho lilipakwa kwenye eneo dogo tu, kadiri ya kazi ambayo mafundi wangeweza kuimaliza kabla lipu haijakauka. Juu ya lipu hiyo mbichi mchoraji alipaka rangi: nyuso, nguo, miti, karibu picha kamili. Kazi yake ilikusudiwa kuwaongoza wenzake na kisha kufunikwa yote. Ni brashi ya mtu hodari iliyofanya kazi ili isionekane. Hata hivyo inasaidia mpaka leo, kupitia mianya. Chini ya dhahabu walizoea kupaka njano ya udongo au nyekundu, ili nafasi kati ya kipande na kipande isitoe weupe wa chokaa na kuidhoofisha dhahabu.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kidole gumba. Kila kipande kilisukumwa kwenye lipu kwa mkono, na kwa kila kipande fundi aliamua mambo matatu papo hapo: rangi yake, nafasi kati yake na jirani yake, na mwinamo wake. Hilo la tatu ndilo linalonistaajabisha zaidi. Vipande vyote vikisukumwa sawasawa na ukuta, vyote vitarusha mwanga mahali pamoja. Mtu akisimama pale ataona mng'ao mkali usio na picha, akisogea hatua mbili ataona ukuta wa rangi ya tope. Mafundi wa San Vitale waliviacha vipande vyao vimeinama kila kimoja kivyake, kwa kiasi kidogo sana: hiki kimeelekea chini kwa waumini, kile kushoto, kingine kimezama kidogo kuliko wenzake. Ukitembea, dhahabu inawaka hapa na kuzimika pale. Ukisimama, jua likasogea dirishani, inafanya vivyo hivyo bila wewe kunyanyua mguu. Na usiku, enzi za taa za mafuta, kila mwali uliotikisika uliutikisa ukuta mzima.

Ndiyo maana picha za vitabuni, hata zile nzuri, zinaninyima kitu. Kamera imesimama mahali pamoja na inakupa nukta moja ya wakati, ilhali kazi hii ilipangwa kwa ajili ya mtu anayetembea na mchana unaopita. Ndiyo maana pia sehemu zilizotengenezwa upya katika karne za baadaye mara nyingi hutambulika. Mistari imenyooka kupita kiasi, vipande vimelala sawa, na mwanga hapo haufanyi lolote.

Paneli mbili mashuhuri ziko kwenye ukuta wa mviringo nyuma ya altare: Justinian na msafara wake kushoto kwa anayetazama altare, mkewe Theodora na msafara wake kulia, madirisha yakiwa katikati yao. Ni mahali pagumu kwa fundi. Mtazamaji anapigwa machoni na mwanga wa madirisha, na paneli zenyewe zinaupata mwanga huo kwa pembeni. Bila ule mwinamo wa vipande, watu hawa wote wangekuwa vivuli.

Theodora amebeba kalisi ya dhahabu. Taji na kifua vimejaa lulu, na nyingi kati ya hizo si kioo bali vipande vya ganda la chaza. Fundi alijua kwamba kioo cheupe kina weupe mmoja, ilhali ganda lina weupe unaogeuka kadiri unavyosogea. Kwenye pindo la joho lake la zambarau wametarizwa Mamajusi watatu wakipeleka zawadi zao, wadogo, kwa dhahabu, na kwa vipande vichache hivyo bado unaona mwendo wa haraka miguuni mwao. Mhudumu mmoja anavuta pazia penye chemchemi ndogo. Upande wa pili wako wanawake wa ikulu, na vitambaa vyao havifanani: kuna maua, kuna vinyota, kuna maumbo ya pembe nne ndani ya pembe nne. Hapa naamini fundi alikuwa akijifurahisha, kwa sababu hakuna sharti la dini wala la siasa lililodai kila mwanamke awe na kitambaa chake.

Kisha sogeza macho usoni. Kwenye nguo kipande kinaweza kufikia sentimita moja. Usoni vinashuka ghafla hadi milimita chache, na vinapangwa kufuata umbo: vinazunguka jicho, vinateremka na pua, vinapinda na kidevu. Penye kivuli vimetiwa vya kijivu na vya kijani hafifu. Ukivitazama kimoja kimoja unajiuliza vimefuata nini kwenye uso wa mtu. Ukirudi nyuma vinapotea, inabaki ngozi, tena ngozi ya mtu aliyechoka kidogo. Theodora alifariki mwaka 548, muda mfupi baada ya kanisa kutabarukiwa. Yeye na mumewe hawakuwahi kukanyaga Ravenna.

Askofu Maximian, ambaye mafundi walimwona kwa macho yao, ni habari nyingine. Amesimama karibu na Justinian, jina lake likiwa juu ya kichwa, na ndiye pekee aliyeandikwa jina katika paneli hizo. Upara, nywele chache zilizobaki, mashavu yaliyoingia ndani, macho yanayokutazama bila kukubembeleza. Wataalamu waliouchunguza ukuta kwa karibu wameeleza kwamba kichwa hiki kiliwekwa baadaye, mahali pa kichwa cha askofu aliyemtangulia. Fikiria kazi hiyo: kukata lipu, kung'oa vipande, kupaka lipu mbichi kwenye nafasi ndogo, kupanga uso mpya juu ya shingo ya zamani, na kuondoka bila kuacha kovu la kuonekana na muumini aliye chini. Miguu, kwa kweli, haikuwashughulisha sana. Watu wa msafara wa Justinian wanakanyagana, na viatu vimebandikwa chini tu, havibebi uzito wa mtu. Nguvu zote za fundi zilikwenda kwenye nyuso na nguo, na ukiona walichopata huko unawasamehe viatu.

Mozaiki ninazozipenda kuliko zote si za wafalme. Ziko pande mbili za patakatifu, juu ya mahali Misa inapoadhimishwa. Upande mmoja Abeli ametoka kwenye kibanda, amevaa ngozi, anainua mwanakondoo. Melkisedeki ametoka hekaluni anainua mkate. Kati yao kuna altare moja yenye kitambaa cheupe, kalisi na mikate. Upande wa pili Abrahamu anawaandalia wageni watatu walioketi mezani chini ya mti, Sara amesimama mlangoni anasikiliza habari asiyoiamini, na pembeni Abrahamu huyo huyo ameinua upanga juu ya Isaka huku mkono wa Mungu ukitokea mawinguni. Mkatoliki aliyezoea Sala ya Ekaristi ya Kwanza atashtuka kwa furaha: Abeli, Abrahamu na Melkisedeki wanatajwa humo pamoja, na mafundi wamewaweka juu ya altare ambako sala hiyo husaliwa. Sadaka tatu za kale zinatazama chini kwenye sadaka inayotolewa. Mpangilio huo haukutoka kwa fundi peke yake, bila shaka mwanateolojia alikaa naye. Lakini ni fundi aliyetambua kwamba majani chini ya miguu ya Abeli yanapaswa kuwa mabichi, na kwamba mwanakondoo aliyeinuliwa awe na mwili wa kweli wenye uzito.

Yote haya yanapanda hadi dari ya patakatifu, ambako Mwanakondoo wa Mungu amesimama kati ya nyota ndani ya taji la majani na matunda, akiinuliwa na malaika wanne. Nyuma ya altare, juu kabisa, Kristo kijana asiye na ndevu ameketi juu ya tufe la bluu, anamkabidhi Mtakatifu Vitalis taji, na Ecclesius, askofu aliyeanzisha kazi, anamletea mfano mdogo wa kanisa hili lenye pande nane.

Maximian ameacha Ravenna kitu kingine ambacho msomaji wa Afrika Mashariki hapaswi kukipita. Ni kiti chake cha uaskofu, kinachohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Askofu Mkuu, kilichofunikwa kwa pembe za ndovu zilizochongwa: mbele Yohane Mbatizaji na Wainjili wanne, ubavuni kisa cha Yosefu na ndugu zake. Pembe kubwa za ndovu zilizotumika katika dola ile zilitoka Afrika, na Cosmas, mfanyabiashara aliyeandika katika karne hiyo hiyo ya 6, anaeleza jinsi zilivyosafirishwa kwa meli kutoka Ethiopia kwenda nchi za Warumi na kwingineko. Mchongaji aliyefanya uso wa Yosefu alikuwa ameshika kitu kilichotembea katika misitu ya bara letu.

Kuna mahali pamoja Ravenna ambapo kazi ya mafundi hawa inauma kuitazama, nako ni upande mwingine wa mji, katika Basilika la Sant'Apollinare Nuovo. Lilijengwa na Theodoric kama kanisa la ikulu. Yeye alikuwa Mwario, mfuasi wa mafundisho ya Ario ambayo Kanisa Katoliki liliyakataa, na baada ya mwaka 561, kanisa lilipopewa Wakatoliki, ikaamriwa watu wake waondolewe ukutani. Mafundi walitii. Kati ya nguzo za ikulu iliyochorwa kwa mozaiki walipanga mapazia meupe mahali walipokuwa watu. Lakini baadhi ya watu hao walikuwa wamenyoosha mikono ikapita mbele ya nguzo, na viganja vyao viko pale hadi leo, juu ya nguzo, bila miili. Kuviondoa kungelazimu kuvunja nguzo na kuzipanga upya. Huenda muda haukutosha, au malipo. Mimi siamini kwamba mtu aliyeweza kubadilisha kichwa cha askofu bila kovu alishindwa na kiganja.

Karne zilizofuata ziliithamini San Vitale kwa njia tofauti. Karolo Mkuu alivutiwa nayo, na kanisa lake la Aachen nchini Ujerumani lina pande nane vilevile. Karne ya 18 ililipaka kuba picha za mtindo wake, zenye mawingu na nguzo za bandia. Ni kazi ya watu wenye ujuzi, lakini jicho linalotoka kwenye patakatifu likipanda huko linakuta rangi iliyokaa tu juu ya lipu, na linashuka tena. Mwaka 1996 UNESCO iliorodhesha San Vitale na majengo mengine saba ya kale ya Ravenna katika Urithi wa Dunia.

Ufundi wenyewe haujaondoka mjini. Ravenna ina shule na karakana za mozaiki, na wanafunzi hujifunza kwanza kwa kunakili, kwa gogo, patasi na nyundo yenye makali mawili. Huweka karatasi angavu juu ya mchoro na kufuata mpaka wa kila kipande, hukata vioo, huvipanga juu ya chokaa ya muda, hugandisha kitambaa juu yake, hugeuza yote, husafisha mgongo na kumimina saruji, kisha hubandua kitambaa. Nakala za mafundi wa Ravenna zimezungushwa katika maonyesho ya nchi nyingi. Karatasi angavu huonyesha umbo la kipande na mahali pake, na rangi huandikwa kando. Mwinamo haionyeshi. Huo mwanafunzi hulazimika kwenda San Vitale, kutembea mbele ya ukuta huku akitazama kipande kinawaka akiwa wapi na kinazimika akiwa wapi, kisha kurudi karakanani kuutafuta kwa kidole gumba.